Beki wa Maretadu

"Ukuta gani huo? Huo ni uchochoro," alisema Joakimu, akakitua kikombe mezani mpaka chai ikaruka. "Tena uchochoro una afadhali, maana una ukuta pande mbili. Sisi hata hizo mbili hatuna."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Nambis, na katika banda la chai la Mectilda hakuna aliyezungumzia mbolea wala bei ya mahindi. Jana yake, baada ya misa, timu yao ya Radi ilikuwa imepigwa nne bila na Shujaa ya Maretadu, tena nyumbani, tena kwenye mechi ya kupasha misuli tu. Mechi yenyewe, ile ya dume, ilikuwa imebakiza majuma sita. Kila mwaka maharage yakishavunwa, mfanyabiashara mmoja wa mazao hutoa dume la ng'ombe, na timu hizi mbili hulipigania mbele ya kila mtu mwenye miguu ya kumfikisha uwanjani. Miaka mitatu mfululizo dume lilikuwa limekwenda Maretadu.

"Msimlaumu golikipa," alisema Maximilian Sulle. "Golikipa atafanyaje watu wakimjia watatu na yeye yuko peke yake? Tatizo liko hapa katikati."

Akavuta vikombe viwili, kimoja cha Joakimu na kingine cha mtu ambaye hakuwa amemaliza kunywa, akavipanga mbele ya bakuli la sukari. Maximilian alikuwa katibu wa mashabiki wa Radi, mkulima wa miaka hamsini na minne mwenye ng'ombe wanne na sauti ambayo waamuzi wa wilaya nzima waliifahamu. Ndiye aliyewabatiza watu wa Maretadu jina la "wala maharage", ingawa na yeye maharage aliyala asubuhi na jioni kama Mkristo mwingine yeyote wa milima ile.

"Huyu beki, na huyu beki. Krosi inakuja. Wote wawili wanaangalia mpira. Nani anamwangalia mtu?"

"Hakuna," wakajibu kwa pamoja, kama wako kanisani.

"Ndiyo hivyo. Hakuna."

Mwalimu Mwita, aliyetoka Mara kuja kufundisha shule ya msingi na kujikuta amekabidhiwa timu pia, alisema kinachotakiwa ni beki mmoja wa kati, mmoja tu, mwenye utulivu. Usajili ulikuwa unafungwa wiki mbili kabla ya mechi. Wakaanza kutaja majina. Kulikuwa na fundi pikipiki mmoja wa Mbulu mjini, lakini yule Jumamosi analewa na Jumapili haoni mpira. Kulikuwa na askari mmoja mrefu, lakini alikwisha kuhamishiwa Babati. Mwisho Joakimu akalitaja jina ambalo kila mmoja alikuwa nalo kooni.

"Gidamis."

Gidamis ndiye beki wa kati wa Shujaa, yule ambaye jana alimtia straika wao mfukoni dakika zote tisini.

"Lakini bwana katibu," Joakimu akaendelea, akimgeukia Maximilian taratibu, "si ndiye huyo huyo anayetaka kuoa kwako?"

Maximilian akacheka, akasema mambo ya nyumbani ni ya nyumbani na ya mpira ni ya mpira. Wote wakaafiki. Nje ikapita boda boda yenye abiria wawili wa Maretadu, mmoja akapiga ukelele, "Uchochorooo!" na pikipiki ikapotea kwenye ukungu kabla hawajapata la kujibu. Maximilian alirudi nyumbani na aibu hiyo, na katika aibu hiyo lile wazo la kumsajili Gidamis likapata mahali pa kuota.

*

Washenga walikuwa waje Jumamosi. Violeth, bintiye wa pekee, alifika Alhamisi kutoka mjini, ambako ana cherehani yake kwenye kibaraza karibu na soko. Alimsaidia mama yake Efrazia kufagia uwanja, kupiga deki sakafu na kuazima viti kwa majirani. Jioni alimkuta baba yake amekaa nje akisugua viatu.

"Baba, nina ombi moja."

"Sema mwanangu."

"Jumamosi mpira usiingie ndani. Hata kwa utani. Wale wazee wa Maretadu ni washabiki kama wewe, na mzee Qamara hapendi dharau. Mimi Gidamis nampenda, Baba. Nakuomba sana."

"Mimi mtoto mdogo?" alisema Maximilian. "Nitaanzaje kuongelea mpira mbele ya washenga?"

Alisema kweli kutoka moyoni. Lakini wakati anasema hivyo, fomu ya usajili aliyopewa na Mwalimu Mwita ilikuwa tayari imekunjwa mara nne ndani ya koti lake la heshima. Aliichukua, alijiambia, ili iwepo tu. Kuwa na karatasi si dhambi.

*

Walikuja wanne, kabla jua halijakausha umande, wakitanguliwa na mzee Qamara, baba mkubwa wa Gidamis, mtu mwembamba wa maneno machache. Alibeba kibuyu cha pombe ya asali. Gidamis mwenyewe hakuwepo, kama ilivyo desturi. Baada ya salamu, Qamara alikiweka kibuyu katikati ya chumba. Hapo kila mtu alijua: kikilala pale nyumba imesikia ombi, na kikiondoka kimejaa, maneno yamekwisha.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Qamara alisema wameona maua yamechanua Nambis. Maximilian akajibu kuwa maua yana mwenyewe na yamepaliliwa. Wakacheka. Wakaongea ukoo kwa ukoo mpaka wakahakikisha hakuna damu inayogongana. Efrazia akaleta chai ya maziwa na viazi. Ikafika habari ya ng'ombe, Maximilian akataja kumi, wao wakasema watano, akashuka nane, wakapanda sita. Nyuma ya ukuta wa chumba cha pili Violeth alikuwa amekaa juu ya kitanda na shangazi zake, anasikia kila neno, anatabasamu peke yake.

Hapo ndipo raha ilipomzidi Maximilian. Mambo yakimwendea mtu vizuri sana, huanza kudhani hata jambo la kijinga litapita.

"Wazee wangu," alisema, "mimi siyo mtu wa tamaa. Saba tuishie hapo hapo, na wawili kati ya hao nawasamehe. Wabaki watano, kama mlivyosema wenyewe. Ila kuna kitu kidogo."

Akaingiza mkono kifuani, akatoa ile karatasi, akaikunjua juu ya goti na kuinyoosha kwa kiganja.

"Kijana akiwa wetu, awe wetu kabisa. Asaini hapa tu."

Qamara aliipokea, akaisogeza mbali na macho ili aisome. Alisoma mpaka mwisho, hata mahali palipoandikwa namba ya jezi. Kisha akaikunja tena mara nne, kwa heshima, akairudisha.

"Mzee Sulle," alisema, "sisi tulitumwa kuomba mke. Hatukutumwa kuuza beki."

"Aa, mzee wangu, nilikuwa natania."

"Mtu anayetania haji na fomu."

Akasimama, na wenzake wakasimama. Akainama, akakichukua kibuyu kwa mikono miwili. Kilikuwa kimejaa vilevile. Maximilian alibaki mlangoni anawatazama wakishuka njia ya shambani, na majirani walioazimisha viti walikuwa wamejipanga kwenye uzio wao, wanaona kila kitu.

Violeth alitoka chumbani. Hakulia, na hilo ndilo lililomtisha baba yake.

"Kwa hiyo mimi bei yangu ni beki wa kati," alisema. Akaingia ndani kufunga mkoba wake.

*

Ulimi uliponza kichwa. Kabla ya jua kuzama, habari ilikuwa imefika Mbulu mjini, na Jumapili huko Maretadu ilikuwa imeshatungiwa wimbo. Padri aliposoma habari za amani, Maximilian aliona watu wawili wa kwaya wakijiuma midomo wasicheke. Kwenye banda la chai, Joakimu alimkaribisha kwa huruma, akamnunulia andazi, kisha akamwinamia sikioni.

"Lakini hawakusaini kweli?"

Maximilian aliacha andazi, akarudi nyumbani.

Nyumbani nako kulikuwa kugumu. Efrazia hakumgombeza hata siku moja. Alimpikia, akamwekea maji ya kuoga, akamjibu alichouliza, basi. Violeth alikuja siku mbili mwisho wa wiki iliyofuata, akawa anazungumza na baba yake kwa kupitia mama. "Mama, mwambie baba chai ipo." "Mama, muulize baba kama ng'ombe wameshakunywa." Baba mwenyewe yuko hapo hapo, hatua mbili kutoka kwake. Maximilian alikuwa amewahi kufungwa sita bila na akalala usingizi. Lakini neno hilo "mwambie baba" lilimnyima usingizi wa wiki mbili, akawa analala macho wazi akisikiliza mbwa.

"Mama Violeth," alisema asubuhi moja, "ukinisaidia kupika pombe ya asali, nitaipeleka Maretadu mwenyewe."

Baba wa binti kubeba kibuyu kwenda kwa wenye kijana ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Asali iko kwenye ndoo," alisema Efrazia. "Kupika, pika mwenyewe. Mimi nitakuelekeza."

*

Boda boda ilimshusha Maretadu senta siku ya gulio, kwa sababu dereva alidai njia ya kwenda kwa kina Qamara ni mbaya. Ikabidi apite na kibuyu begani mbele ya kijiwe cha mashabiki wa Shujaa. Walimtambua kutoka mbali.

"Katibu! Leo umekuja kusajili nani? Golikipa tunaye!"

"Muulizeni kama ana fomu!"

Wakaanza wimbo wao. Maximilian alizoea kujibu. Majibu yalimjaa mdomoni kama mate. Akayameza yote, akatembea, akasema tu, "Habari za leo, jamani." Hilo liliwashangaza kiasi kwamba mmoja alijikuta anaitikia, "Salama, mzee, karibu."

Gidamis alikuwa mbele ya nyumba ya kina Qamara anapura maharage. Aliangusha fimbo, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Baba mkubwa yupo?"

"Ameenda gulioni. Atarudi sasa hivi. Karibu kiti."

Maximilian hakutaka kiti. Alikiweka kibuyu kivulini, akavua koti, akaokota fimbo ya pili iliyokuwa imelala kwenye maganda. Wakapura kwa zamu, huyu akiinua, yule akishusha. Wapita njia walisimama kumwangalia mtu aliyewaita wala maharage akipura maharage ya Maretadu, na wengine walikwenda kuwaita wenzao.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema Maximilian hatimaye, bila kuacha kupiga. "Nilifanya ujinga. Nimemwaibisha binti yangu, nimewaaibisha wazee wako. Sina la kujitetea."

Gidamis alipiga mara tatu nne kabla ya kujibu.

"Mzee, mimi sikukasirika sana. Nilihuzunika. Ningekubali kuhama, mngefurahi Jumapili moja tu. Baadaye mngeanza kuniangalia kwa jicho lingine. Mngesema, huyu aliwaacha wenzake aliokua nao kwa ajili ya mke. Binti yetu naye atamwacha kwa ajili ya nini?"

Maximilian aliacha kupura. Alijua mabeki wote wa wilaya, wa kulia na wa kushoto, na hakuwahi kukabwa namna hiyo.

"Kwa hiyo huhami?"

"Sihami, mzee. Na Violeth simwachi."

Qamara alirudi akawakuta hivyo, na watu kumi wamesimama kando ya njia. Alitazama kibuyu, akatazama shati la Maximilian lililolowa jasho na vumbi. Akawaongoza ndani, akaionja pombe.

"Nani alipika hii?"

"Mimi."

"Inaonekana." Akaonja tena. "Sikiliza, mzee Sulle. Huku kwetu mkwe hapigiwi kelele. Huwezi kumwita mtu mkwe Jumamosi na Jumapili ukamtukana uwanjani. Siku ya dume utakuja na mama, na binti. Mtakaa upande wetu, kwenye benchi langu. Na hutasema neno, kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Ukiweza hilo, kibuyu changu kitarudi kwako."

Ng'ombe ishirini Maximilian angeahidi kwa urahisi zaidi. Alikubali.

*

Siku ya dume kulikuwa na manyunyu ya baridi, na uwanja wa Maretadu ulifurika mpaka juu ya miti. Dume lenyewe, jekundu lenye baka jeupe usoni, lilifungwa karibu na meza ya mwamuzi wa akiba, likawa linatafuna bila wasiwasi. Maximilian alikaa kwenye benchi la Qamara akiwa na koti lake la heshima. Efrazia alikaa kushoto kwake, na Violeth akakaa mwisho kabisa, upande wa pili wa mama yake.

Ng'ambo ya uwanja Joakimu na wenzake walikuwa wanaimba nyimbo alizotunga yeye. Walipomwona amekaa kwa wala maharage wakapunguza sauti kidogo, kama watu waliopita karibu na msiba.

Shujaa walipata bao dakika ya ishirini, kwa kichwa, mabeki wote wawili wa Radi wakiangalia mpira. Maximilian alifumba macho. Kipindi cha pili Radi waliamka. Wakapiga kona saba, na zote saba Gidamis akaziondoa. Maximilian alikaa kimya, mikono imebana magoti. Efrazia alimtazama pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akamwonea huruma.

Dakika ya themanini mpira mrefu ulipigwa kutoka nyuma. Gidamis alikuwa anauona vizuri, hana hata mtu wa kumsumbua. Akageuka, mguu ukakanyaga tope, akaenda chini. Straika wa Radi akaukuta mpira unamsubiri. Moja moja.

Ng'ambo watu walirukaruka, Joakimu akajitupa kwenye tope. Bao lile Maximilian alilisubiri miaka mitatu. Makalio yalikwisha kunyanyuka kwenye benchi, mdomo umefunguka, ndipo akasikia sauti nyuma yake.

"Ameuza!"

"Ile fomu aliisaini! Si niliwaambia?"

"Mtoeni huyo! Mkwe wa Nambis!"

Sauti ziliongezeka, zikawa wimbo, wimbo ule ule wa fomu, ila sasa anaimbiwa Gidamis na watu wa kwao. Kijana alikuwa amepiga magoti kwenye tope, kichwa chini, na wenzake wawili walikuwa wamesimama mbali naye. Violeth aliangalia mikono yake. Qamara alikuwa amekaa wima, taya linacheza.

Maximilian akapanda juu ya benchi.

"Hakusainiii!"

Sauti ile iliyojulikana na waamuzi wa wilaya nzima ilikata uwanja katikati. Mwamuzi mwenyewe aligeuka. Maximilian akachomoa karatasi kwenye koti; ilikuwa bado humo, maana koti la heshima alikuwa nalo hilo moja tu, na hata kuishika tu ili aichome alikuwa anaona aibu. Akaikunjua, akaiinua juu ya vichwa vya watu.

"Angalieni! Pa kuweka sahihi pako wazi! Mimi ndiye nilileta karatasi hii mbele ya washenga, kama mtu asiye na akili. Nikamfuata mpaka kwenye maharage yake, akaniambia machoni, mzee, sihami. Ameteleza! Kuteleza siyo kuuza! Hapa hakuna aliyeuza. Aliyetaka kununua ni mimi, na sikupata!"

Manyunyu yakasikika juu ya miavuli. Mtu mmoja akacheka, kisha wengine wakacheka, na kicheko kile hakikuwa kibaya. Wale wachezaji wawili walikwenda wakampa Gidamis mkono, wakamwinua. Mtu wa nyuma, yule yule aliyeanza, akapiga kelele, "Twende, Gidamis, simama!"

"Tulikubaliana hutasema neno," alisema Qamara bila kugeuka.

"Nimeshindwa, mzee."

"Hm." Mzee alitafakari. "Lakini hukumpigia kelele mkwe. Umetupigia sisi."

Maximilian alikuwa bado juu ya benchi, karatasi mkononi, hajui ashuke vipi. Mtu akalivuta koti lake kwa nyuma. Violeth alikuwa ameinuka, amempita mama yake, amekaa upande wake.

"Kaa chini, Baba," alisema. "Unawaziba walioko nyuma."

Akakaa. Hakuweza kuona vizuri kwa dakika kadhaa, na hakutaka mtu amuulize kwa nini.

*

Dume lilikwenda Maretadu kwa penalti, na ya mwisho aliipiga Gidamis. Kibuyu cha Qamara kilirudi Nambis wiki iliyofuata na safari hii hakikuondoka.

Mwezi wa tisa ng'ombe sita walipandishwa kilima cha Nambis. Wa kwanza alikuwa lile dume jekundu lenye baka jeupe usoni. Wachezaji wa Shujaa walikuwa wamekataa kumchinja. Walimpa Gidamis, na waliotoa wazo hilo walikuwa wale wale waliosimama mbali naye siku ile. Joakimu alitoka mbio kwenye banda la chai akiwa na kikombe mkononi.

"Kombe limekuja!" alipiga kelele. "Jamani, dume liko Nambis! Katibu, umetuletea dume!"

Maximilian alifungua zizi, akawahesabu wakiingia, akafunga kwa gogo. Alijaribu kuuzuia uso wake usicheke, ukamshinda.

"Na beki je?" Joakimu akauliza, akishusha sauti. "Msimu ujao tunafanyaje? Hatukupata beki."

"Beki tumempata," alisema Maximilian. "Ila anachezea kwao."